Hizi sura za "uwajibikaji kwa jamii" kwenye ripoti za mashirika ya ndege, anaandikiwa nani hasa?

#1 Tausi wa Tandika
Habari za jioni wakuu.

Kwa sababu za kikazi nimekuwa nikisoma ripoti za mwaka za mashirika ya ndege, ya huku kwetu na ya Ulaya. Siku hizi kila moja ina sura ya uendelevu na uwajibikaji kwa jamii, na ukisoma moja ni kama umezisoma zote. Rubani mwanamke anatabasamu. Watoto wa shule wameshika madaftari mapya. Mkurugenzi kavaa suti na gambuti, anapanda mche. Halafu inakuja chati ya hewa ukaa, na chati hiyo inashuka mwaka hadi mwaka. Ukifunua mbele kwenye hesabu zenyewe, safari zimeongezeka na bili ya mafuta imepanda.

Dai langu: sura hizi haandikiwi abiria, wala jirani wa uwanja, wala mfanyakazi. Kuna mtu mwingine anaandikiwa. Ni nani? Na kwa nini hakuna anayehoji? Karibuni, ila mje na ushahidi.

#2 Kijiwe Nongwa
Nimekaa paleee nasubiri wataalamu. Mleta uzi umeisahau picha ya hundi yenye ukubwa wa mlango.

#3 Binti Chumbageni
Mbona jibu liko wazi? Ni matangazo ya biashara yaliyovalishwa miwani ya kusomea. KLM walishtakiwa kwao Uholanzi kwa kampeni yao ya kuruka kwa kuwajibika, wakashindwa na wakapigwa faini. Kama hao wenye mahakama kali wanatudanganya, sisi tutegemee nini?

#4 Mto Athi
@Binti Chumbageni, hiyo faini umeitoa wapi? Hukumu ya Amsterdam ya tarehe 20 Machi 2024 haikuwa na faini. Walioshtaki ni shirika la mazingira la Fossielvrij. Mahakama ikasema sehemu kubwa ya matangazo yaliyolalamikiwa yalipotosha, kwa sababu yalichora picha tamu mno juu ya kupanda miti na mafuta mbadala. KLM hawakuzuiwa kutangaza safari zao. Waliambiwa tu kwamba wakitaka kuzungumzia hewa ukaa, wawe wakweli na waeleze kwa vitu vinavyoonekana.

Halafu angalia kilichoshtakiwa: mabango na maneno ya kwenye tovuti. Ripoti ya mwaka haikuguswa. Tangazo lina mamlaka ya kulichunga, ripoti haina wachungaji wa namna hiyo. Uingereza ni vilevile. Mamlaka yao ya matangazo iliwazuia Ryanair mwaka 2020, ikawazuia Lufthansa na Etihad mwaka 2023, zote ni kesi za matangazo. Sentensi ileile ukiihamishia ukurasa wa 87 wa ripoti, mamlaka ya matangazo haikufuati.

Kwa taarifa yenu, hao KLM bado wana hisa ndani ya KQ, yaani Kenya Airways. Chache, lakini wanazo.

#5 Binti Chumbageni
Sawa, faini haikuwepo, wamepotosha bila faini. Hoja yangu imebaki palepale imekunja nne.

#6 Mzee wa Karakana
Niwasaidie kwenye hiyo chati inayoshuka, maana nimefanya kazi upande huo kabla sijastaafu.

Chati nyingi hazioneshi tani za hewa ukaa. Zinaonesha hewa ukaa kwa kila abiria kwa kila kilomita. Ukiondoa viti vyenye nafasi kubwa ukaongeza safu mbili, ukajaza ndege vizuri, ukaleta injini mpya, namba hiyo inashuka hata kama jumla ya mafuta uliyochoma imepanda. Si uongo. Ni kipimo kinachompendeza mwenye ndege. Ryanair walikamatwa hapohapo mwaka 2020: walijitangaza kuwa na hewa ukaa ndogo kuliko mashirika makubwa ya Ulaya, kumbe ushahidi wao ulisimama kwenye hesabu ya kwa kila abiria, na mamlaka ikaona haukutosha.

Jumla yenyewe haifichiki. Kila kilo moja ya mafuta ya ndege ukiichoma inatoa kilo 3.16 za hewa ukaa, awe rubani stadi au mwanagenzi. Kwa hiyo mwenye kilo za mafuta ana jibu.

Shida ni kuzipata hizo kilo. Dereva wa bauza, lile lori la mafuta, akimaliza kujaza, anatoa tiketi: lita zilizoingia, joto, na uzito wa lita. Kepteni anasaini, nakala inakwenda kwenye faili la safari. Lita ndizo zinazolipiwa, kilo ndizo zinazorushwa, na kati ya lita na kilo kuna kuzidisha, kwa kawaida karibu na 0.8. Sasa chukua nakala ya kaboni iliyolowa mvua, 1 inafanana na 7, na kijana wa data yuko mji mwingine anaingiza kwenye kompyuta mwisho wa mwezi. Nimeona safari ambayo kwa karatasi ilichoma mafuta mengi kuliko tangi linavyobeba. Siku hizi mashirika makubwa wanatuma moja kwa moja kutoka kwenye ndege, lakini si wote.

#7 Kijiwe Nongwa
Mafuta mengi kuliko tangi! Hiyo sio data mzee wangu, hiyo ni karama.

#8 Nahodha Mkavu
Mzee wa Karakana shikamoo. Swali la kizembe: mtu wa nje anakagua hizo tiketi, au shirika linajihesabia lenyewe na kujipa alama?

#9 Mzee wa Karakana
Marahaba. Kuna sehemu inakaguliwa na sehemu haikaguliwi, na hapa ndipo watu wanapochanganya.

Kuna mpango wa kudhibiti hewa ukaa wa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, unaoitwa CORSIA, uliokubaliwa mwaka 2016. Shirika lenye ndege za zaidi ya kilo 5,700 na linalotoa zaidi ya tani 10,000 za hewa ukaa kwa mwaka kwenye safari za kimataifa, lazima lipime, likaguliwe na mkaguzi huru, kisha lipeleke taarifa kwa mamlaka ya anga ya nchi yake. Hiyo karatasi ni ngumu, haina picha ya mtoto na daftari. Lakini CORSIA inahesabu safari za kimataifa tu. Dar–Mwanza haimo. Nairobi–Mombasa haimo. Hizo utazikuta kwenye ripoti ya uendelevu kama shirika likipenda.

#10 Tausi wa Tandika
Kumbe karatasi ngumu inakwenda kwa mamlaka, laini inakuja kwetu.

#11 Mpare Asiyekopa
Mnazunguka mbali. Nyumbani hapa ATCL (Air Tanzania) ina ripoti gani ya uendelevu? Kinachosomwa na Watanzania ni ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Hasara ya 2021/22 ilikuwa shilingi bilioni 35.23, 2022/23 ikawa bilioni 56.64, mwaka uliofuata ikapita bilioni 91. Uwajibikaji wa kwanza kwa jamii ni kutokula kodi ya jamii. Mengine ni mapambo.

#12 Nahodha Mkavu
@Mpare Asiyekopa hapo nakupinga kidogo. Hizo hasara huwezi kuzisoma bila kujua ndege zilikuwa za nani. Kwa miaka mingi ndege zilikuwa mali ya TGFA, Wakala wa Ndege za Serikali, na ATCL akizikodi. Halafu zile Airbus A220 zikalala chini kwa matatizo ya injini ambayo yamewakuta wenye ndege hizo dunia nzima. Unalipia ndege isiyoruka.

Ila nakubali kwamba kuna kitu kimepotea katikati. CAG anauliza pesa imekwenda wapi. Haulizi kwa nini abiria wa Mpanda au Songea anabaki na basi ndege ikilala, na kwangu mimi hilo ndilo jukumu la kijamii la shirika la umma. Hakuna jedwali lake popote.

#13 Mpare Asiyekopa
Jedwali la kusikitika hilo. Mimi nataka la hela.

#14 Mto Athi
Wacha nilete nadharia yangu: anayeandikiwa ni mkopeshaji.

Kenya Airways iko kwenye soko la hisa la Nairobi tangu 1996. Soko hilo lilitoa mwongozo wa taarifa za mazingira, jamii na utawala Novemba 2021. Mwongozo tu, si sheria. Lakini nenda benki ya kimataifa au taasisi ya maendeleo uombe pesa ya ndege mpya bila hiyo ripoti, uone. Wana orodha ya maswali, na ripoti imepangwa kujibu hayo maswali. Ndiyo maana abiria akiisoma anaona haizungumzi naye. Haikukusudia.

Na ushahidi mwingine ni lugha yenyewe. Kuna viwango vya kimataifa vya kuandikia ripoti hizi: kuna vya GRI, kuna vya SASB ambavyo vina ukurasa mahususi wa mashirika ya ndege: hewa ukaa, mahusiano na wafanyakazi, ushindani, ajali na usalama. Basi. Hakuna mahali panapouliza shule ngapi zilipakwa rangi. Rangi ya shule ni nyongeza ya watu wa mawasiliano.

#15 Mwanamji wa Kibokoni
Mkopeshaji hakuwaondoa tumbili. Mnakumbuka Januari 2022, lori lilipata ajali kule Pennsylvania likiwa na tumbili 100 wa maabara kutoka Mauritius? KQ ndio waliowasafirisha hadi New York. Watetezi wa wanyama wakapiga kelele, na kabla ya mwezi kwisha shirika likatangaza kwamba mkataba huo ukifika mwisho wake Februari hautaongezwa. Hakuna kiwango wala benki iliyouliza. Kelele ndizo ziliuliza. Kwa hiyo nasema ripoti inaandikwa kwa kuogopa aibu, na inataja yale ambayo kelele zake zimeshasikika.

#16 Kijiwe Nongwa
Abiria 100 wasio na tiketi na bado walihudumiwa haraka kuliko mimi na begi langu. Miaka hiyo shirika moja, nalihifadhi, lilipoteza begi langu. Nikaandikiwa barua nzuri yenye neno "tunathamini" mara tatu. Begi lilirudi na kufuli jipya ambalo si langu, na ufunguo sikupewa.

#17 Binti Chumbageni
Tafadhali fungua uzi wako wa mabegi.

#18 Dawida wa Voi
Nimesoma kimya nikaona niseme, kwa sababu hii mambo ya kufidia hewa ukaa ilishukia kwetu.

KQ walianza mwaka 2011 kumruhusu abiria alipe kidogo cha ziada ili kufidia hewa ukaa ya safari yake, na pesa ikaelekezwa mradi wa Kasigau, huku Taita Taveta, ule ukanda wa nyika kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Mradi wenyewe ni wa kulinda msitu usikatwe kuni na makaa. Kwenye ripoti ni mstari mmoja: tunasaidia jamii ya Kasigau. Huku chini ni mambo mengi. Mjomba wangu alipata kazi ya kulinda doria, karo ya binamu zangu ikatoka hapo, basari zipo, matangi ya maji yapo. Pia kuna wazee wanaosema hawajawahi kuelezwa hewa yao inauzwa bei gani na nani ananunua.

Halafu Novemba 2023 ikatoka ripoti ya taasisi ya utafiti ya SOMO ya Uholanzi na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ile isiyo ya serikali, yenye madai ya unyanyasaji wa kingono dhidi ya wanawake uliofanywa na baadhi ya wanaume waliokuwa na vyeo mradini. Kampuni inayoendesha ikafanya uchunguzi na kusema imechukua hatua. Mimi siamui kesi hapa. Ninauliza tu: abiria aliyelipa ile ziada, ni ripoti ipi ilimjulisha? Alisoma "jamii" akaishia hapo.

#19 Tausi wa Tandika
Asante sana @Dawida wa Voi. Hii ndiyo ilikuwa inanikosesha raha bila kuipatia maneno. Mtu akikwambia amefidia, umbali kati ya moshi na fidia ni bara zima, na yeye hajafika kote kuwili.

#20 Mzalendo Kipara
Acheni Kasigau. Wakazi wa Kipawa na Kigilagila waliondolewa kupisha upanuzi wa uwanja wa Dar, fidia ikavutana miaka na miaka. Ripoti ya shirika gani la ndege imewataja? Hakuna!

#21 Nahodha Mkavu
Mkuu, uwanja ni wa serikali kupitia Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Shirika la ndege ni mpangaji pale. Huwezi kumuuliza mpangaji fidia ya kiwanja.

#22 Mzalendo Kipara
Mpangaji anayejua nyumba ilijengwaje akinyamaza, naye ana lake. Ndege zikikosa pa kutua hizo safari zao wangeziuzia wapi?

#23 Mto Athi
@Mzalendo Kipara ana nusu ya hoja. Kwenye viwango kuna kinachoitwa kundi la tatu la hewa ukaa, yaani ile inayotokana na wanaokuuzia na wanaonunua kwako, nje ya shughuli zako mwenyewe. Kwa mazingira wamekubali kwamba jukumu linavuka uzio. Kwa watu bado linaishia kwenye uzio.

#24 Ummu Swafiya (Muscat)
Assalaam alaykum. Nyote mmezungumza miti na mafuta. Wafanyakazi je?

Mwaka 2015 Shirika la Kazi Duniani lilikubali malalamiko dhidi ya Qatar kuhusu wahudumu wa ndege wa Qatar Airways. Mkataba uliruhusu mhudumu aachishwe kazi akipata mimba, na hakuruhusiwa kuletwa kazini na mwanamume asiye baba, kaka au mume. Baadaye mwaka huohuo shirika likalegeza masharti ya mimba na ndoa. Hayo yalikuwa kwenye mkataba, yamepigwa chapa na kusainiwa. Yangeweza kuandikwa kwenye ripoti yoyote. Nina ndugu zangu wa kike kutoka Mombasa na Unguja wanaofanya kazi hizi Ghuba. Wakinipigia hawaongei hewa ukaa, wanaongea saa za kupumzika na nani anashika pasi yao ya kusafiria.

Na huko Kenya, Novemba 2022 marubani waligoma siku kadhaa kwa ajili ya mfuko wao wa akiba. Someni kurasa za "watu wetu" za mwaka ule muone mgomo umepewa nafasi gani ukilinganisha na siku ya michezo.

#25 Mwanamji wa Kibokoni
Wa alaykum salaam bibie. Hapo kwenye siku ya michezo umenimaliza.

#26 Mto Athi
Kuwa wa haki, mgomo ule ulitajwa sana upande wa hesabu, kwa sababu uligharimu. Ndivyo ilivyo: jambo la kijamii likileta hasara linahamia kwenye kurasa za fedha, likileta picha linabaki kwenye kurasa za jamii.

#27 Mpare Asiyekopa
Mto Athi leo umekula nini? Nakazia.

#28 Kagera Damu
Kwangu mimi jukumu la kwanza ni watu wafike. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision iliingia ziwani Bukoba, watu 19 walifariki. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Precision iko soko la hisa la Dar tangu 2011, inatoa ripoti kila mwaka. Swali langu si la shirika hilo peke yake: kwenye ripoti za mashirika ya ndege duniani, usalama unaandikwa kama namba ya ajali, sifuri au moja. Maandalizi ya uokoaji ziwani, boti, mafunzo kwa wavuvi wanaoishi chini ya njia ya ndege, hayo yanaandikwa chini ya kichwa gani?

#29 Nahodha Mkavu
Mungu awarehemu. Kwa jibu fupi: uokoaji ni wa uwanja na serikali, kwa hiyo haionekani kwa shirika. Jibu refu ni kwamba hata usalama wenyewe hausomwi kwenye ripoti. Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha yake ya mashirika yaliyokatazwa kuruka Ulaya Desemba 2024, na Juni 2025 ikaongeza mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania, hoja ikiwa ni usimamizi wa mamlaka. Orodha ile ina kurasa chache na inatikisa kuliko ripoti ya kurasa 200.

#30 Mzalendo Kipara
Hiyo ni vita ya kiuchumi.

#31 Nahodha Mkavu
Nilijua itakuja. Nimeweka muda, dakika nne.

#32 Mama Mbarika
Mimi niko Makueni. Niongeze moja ambalo sijaona. Kampuni ya mafuta ya Eni ya Italia walifungua kiwanda cha kukamua mafuta ya mimea huku mwaka 2022, mbarika na nyinginezo, kisha mafuta yanasafirishwa kusafishwa Italia. Mei 2023 KQ ikarusha ndege ya Boeing 787 kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na mchanganyiko wa mafuta endelevu ya Eni, ikasifiwa kuwa ya kwanza Afrika kwa safari ndefu. Ilikuwa safari nzuri na picha nzuri. Sisi wakulima swali letu ni bei ya kilo ya mbarika, na kama mwenye kiwanda ataendelea kununua mwaka wa mvua mbaya. Hilo sijaliona kwa ripoti ya mwenye ndege wala ya mwenye kiwanda kwa namna ya kumsaidia mkulima kuamua apande nini.

#33 Mzee wa Karakana
Mama, mchanganyiko ule ni sehemu ndogo ya tangi, nyingine ni mafuta ya kawaida. Na mafuta hayo dunia nzima ni machache na ghali. Air New Zealand, ambao kwa habari hizi walikuwa wanasifiwa, Julai 2024 waliliacha lengo lao la kupunguza hewa ukaa ifikapo 2030 wakisema ndege mpya zinachelewa na mafuta mbadala hayapatikani kwa bei inayolipika. Mimi niliwaheshimu. Angalau waliandika kwamba hawafiki, wakati wenzao wanaendelea na malengo ya mwaka 2050, mwaka ambao mabosi wote wa leo watakuwa wamestaafu kama mimi.

#34 Tausi wa Tandika
Hadi sasa nina: matangazo, mkopeshaji, aibu, na "hakuna kwa sababu CAG anatosha". Hakuna iliyoniridhisha peke yake. Ya mkopeshaji haielezi madaftari. Ya aibu haielezi kwa nini mkataba wa mimba ulikaa miaka bila kuandikwa popote. Mto Athi, mkopeshaji aliusoma?

#35 Mto Athi
Mkopeshaji husoma alichouliza. Hakuuliza.

#36 Binti Chumbageni
Basi tumerudi kwangu, ni matangazo. Nasubiri mniombe radhi kwa zamu.

#37 Dawida wa Voi
Mzee wa Karakana, swali la mwisho kabla sijalala. Hiyo hewa ukaa ya kila abiria, ndege imebeba na mizigo ya maua chini. Maua yanahesabiwa vipi? Isije ikawa mimi nafidia waridi za Naivasha.

#38 Mzee wa Karakana
Unagawa kwa uzito. Kwenye hesabu nyingi za kimataifa abiria mmoja pamoja na mabegi yake anawekwa kilo 100, kisha unapiga mzigo kwa kilo zake halisi. Mwingine anagawa tofauti, na ndiyo maana mashirika mawili yenye ndege sawa na njia sawa yanaweza kukupa namba mbili.

#39 Kijiwe Nongwa
Kilo 100 na mabegi yake? Aliyeweka hiyo namba hajawahi kupanda Dubai–Dar mwezi wa Desemba.

#40 Ummu Swafiya (Muscat)
Na ule mkoba wa mkononi hamjaupima. Shangazi yangu peke yake mumwandikie ripoti yake.